Sikio Halihesabu Kicheko

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tatu Machi, kati ya saa saba na dakika nane na saa saba na dakika kumi na tisa mchana. Venansi Mgongolwa hakuwa na saa mkononi siku hiyo. Alikuwa bondeni kwenye mianzi yake, anakata ncha changa ili ulanzi, ile pombe ya mianzi, utone, na anachokumbuka yeye ni kwamba mvua ilikuwa imekatika na nyuki walikuwa wengi. Dakika hizo alikuja kutajiwa na wakubwa baadaye, kama wanavyotaja wao kila kitu baadaye.

Alipanda mlima na ndoo zake mbili. Mkewe, Edita, alikuwa amelala kifudifudi kati ya mapipa ya ulanzi aliouza pale nyumbani miaka ishirini. Kata ya kuchotea ilikuwa bado mkononi. Damu ilikuwa imeingia kwenye povu. Kando ya ukuta betri kubwa ya nyumba, ile ya taa na jiko, ilikuwa imeng'olewa, nyaya zinaning'inia kama utumbo wa kuku.

Venansi alipiga kelele moja tu. Ilitosha. Juu ya mlango taa nyekundu ya Sikio ikawaka.

Kila nyumba ya Nyamlenge ilikuwa na Sikio lake, kisahani cheupe kilichobandikwa ukutani. Wakubwa waliyafunga bure miaka saba nyuma, wizi ulipozidi. Walikuja na magari yasiyo na dereva, wakakusanya watu uwanjani, wakasema: ongeeni kama kawaida, litawasikia usiku na mchana, na mwizi akija litamjua. Watu wakapiga makofi. Venansi naye alipiga, tena kwa mikono yote miwili, na jambo hilo halijamtoka moyoni mpaka leo.

"Pole kwa msiba," Sikio likasema, kwa sauti ya mwanamke aliyesoma sana. "Nina maswali machache. Jibu ndiyo, hapana, au jina. Je, marehemu aliwahi kutishiwa kuuawa?"

Venansi aliishia darasa la nne. Alizoea kwamba mkubwa akikuuliza, unajibu ulichoulizwa.

"Ndiyo, lakini..."

"Asante. Na nani?"

"Otmari Komba, ila yule ni..."

"Asante. Jibu limepokelewa."

Taa ikazimika. Alibaki amepiga magoti na neno lake moja mdomoni, lile la "mtani", halina pa kwenda.

*

Siku ya mazishi Otmari alifika kabla ya ndugu. Alikuwa mnoa misumeno, nyumba ya tatu kutoka kwa Venansi, Mngoni mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Kila jioni alikunywa kwa Edita, na kila jioni walitukanana mpaka majirani wakasogeza viti wasikilize. Wahehe na Wangoni ni watani tangu mababu walipochoka kuuana kwa mikuki, na mtani msibani ana kazi yake, hiyo haina mjadala.

Aliliondoa koti la kijani la Edita kwenye msumari, akalivaa. Akajifunga kitambaa chake kichwani, akaokota kata, akaanza kupita kati ya waombolezaji huku anachechemea mguu wa kushoto, sawasawa na marehemu.

"Wewe! Umekunywa vikombe vitatu unanionyesha vidole viwili? Suruali imepasuka matakoni, bado unadai povu!"

Ilikuwa sauti yake hasa. Akina mama walicheka huku kamasi zinawatoka. Kaburini Otmari akachungulia shimo, akatikisa kichwa.

"Fupi hili. Mhehe huyu mrefu, mkunjeni! Au mmebakiza nafasi ya mbwa wake wa kitoweo njiani?"

Venansi hakucheka. Alimtazama yule mtu ndani ya koti la mkewe, akatamani amvue kwa nguvu. Hakuthubutu. Mtani akichukua kitu cha marehemu hazuiwi. Anakaa nacho mpaka wafiwa wamalize matanga, ndipo wanakikomboa kwake kwa jogoo, wanakula naye, yanaisha.

Jogoo hakuwahi kukamatwa. Siku ya tano polisi waliingia kwa Otmari, wakalikuta koti mlangoni, lina namba ndogo ya mali shingoni kama kila kitu kilichoandikishwa kwenye Sikio la nyumba. Wakamchukua yeye na koti.

Na Venansi? Alikaa kimya miezi kumi na minne. Asidanganye mtu kwamba aliogopa. Alipata mtu wa kumchukia, akalala usingizi kwa sababu hiyo.

Kilabu kilikufa. Wanywaji wachache waliobaki waliketi wameshika vikombe kama wako kanisani, wanaulizana habari za mvua. Aliyebanwa na utani alitoka nje mpaka chooni, anamwita mtani wake, wanatukanana humo harakaharaka, wanarudi wamenyooka nyuso.

*

Asubuhi ya kutoa ushahidi, wakili wa serikali alimwita chumbani kwake nyuma ya Baraza la Jinai la Kanda. Jina lake Nakijwa Mbwambo, mama kijana, viatu vyake havina hata tone la tope la Nyamlenge.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Leo ndiyo siku yako. Unajua tunatakiwa kuthibitisha nini?"

"Nieleze wewe uliyesoma."

Akamkalisha. Alieleza vizuri, hilo Venansi hakumnyima. Mashtaka yalikuwa mawili. La kuua kwa kukusudia lilitaka nia ovu, na nia Sikio lilikuwa nayo: Otmari alirekodiwa akimtishia Edita mara mia tatu na kumi na mbili. La unyang'anyi lilitaka mali ya marehemu ionekane mikononi mwa mshtakiwa muda mfupi baada ya tukio, naye ashindwe kueleza kaipataje. Koti lilikuwepo. Tena hakuwa na wa kumshuhudia alikuwa wapi saa saba mchana.

"Na betri?"

"Betri haikuonekana."

"Haikuonekana au haikutafutwa?"

"Mzee wangu, koti linatosha."

"Kwa hiyo mtu kaua, kabeba betri ya kilo thelathini juani watu wanaona, halafu katuachia koti ili msisumbuke."

Wakili akapanga karatasi zake upya. Venansi akakohoa, akalitoa lile neno lililomkaa mdomoni miezi kumi na minne.

"Yule ni mtani wetu."

Wakili aliinuka akafunga mlango.

"Umeshamwambia mtu mwingine?"

"Nani ameniuliza?"

"Basi nikwambie kama mwanao. Sikio halipimi vitisho mpaka ndugu wa marehemu athibitishe kuwa ni vitisho. 'Ndiyo' yako ya siku ile ndiyo nguzo ya nyumba nzima. Ukiing'oa, vyote mia tatu na kumi na mbili vinaanguka, na koti linabaki koti. Kesi ikianguka, faili la mama Edita linafungwa, na sheria ya Masikio hairuhusu lifunguliwe tena kwa mtu yeyote. Hata akipatikana mwingine kesho. Na wewe utakuwa umelidanganya Sikio. Hiyo ni miaka mitatu jela."

"Na nikinyamaza?"

"Otmari atanyongwa, na mama atakuwa amepata haki yake."

Venansi alitazama mikono yake. Ilikuwa na makovu ya mianzi, mengi yake aliyafunga Edita kwa vipande vya kanga.

"Wewe kabila gani, mwanangu?"

"Mpare."

"Watani wako Wachaga."

Kwa mara ya kwanza wakili alitabasamu, kabla hajajizuia. "Wapo. Wanasema Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Kuna mmoja ofisini, kila asubuhi ananiahidi kunizika bila jeneza, eti jeneza Mpare ataliona hasara, atafufuka alirudishe dukani."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na Sikio la ofisini linamhesabia?"

Tabasamu likaondoka. Wakili alitazama dari, kisha ukuta, kisha karatasi zake.

"Ofisini kwetu hayajafungwa," akasema.

Venansi alitoka akakaa kwenye benchi la ukumbini na chapati aliyofungiwa na jirani, hakuila. Aliuliza moyo wake kama Otmari hakuua. Hakumwona. Hakuwepo. Inawezekana mtu akatania miaka na miaka, siku moja akaua. Binadamu ana nini cha kushindwa? Lakini alijua kitu kimoja, na alikijua kama anavyojua njia ya bondeni: yale maneno hayakuwa ya kuua. Kama Otmari aliua, basi atafutiwe ushahidi mwingine. Na kama hakuua, aliyeua yuko mahali anawasha taa kwa betri ya Edita, na faili likifungwa atazeeka nayo.

Kunyamaza kungemuua Otmari, na kusema kungemfunga yeye jela na Edita kwenye faili. Waliotunga sheria ya namna hii, aliwaza, hawakuwahi kuzika mtu wanayempenda.

*

Ukumbi ulijaa. Otmari alisimama kizimbani, amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Wakili wake wa kupewa bure alikuwa na kesi nyingine sita siku hiyo, anaangalia saa. Jaji Kabulwa, mzee wa nywele nyeupe, alimwapisha Venansi. Ukutani nyuma ya jaji lilikuwepo Sikio la Baraza, kubwa kama ungo.

"Shahidi asikilize kielelezo cha kwanza," likasema.

Sauti ya Otmari ikajaa ukumbini, ya miaka ile ya kunywa. "Leo nakuua, Mhehe!" Kimya kidogo. "Siku yako ikifika nakuzika na kata yako." Kimya. "Ukinipunja tena nakukata kichwa, nakitengenezea kibuyu." Kimya.

Watu walisonya. Mama mmoja alifunika uso. Na kweli, yakisikika hivyo, moja baada ya jingine, yalitisha. Hata Otmari mwenyewe alikuwa ameinama kama mtu anayesikia ubaya wake kwa mara ya kwanza.

Venansi alisikiliza kimya kile, siyo maneno. Kilikuwa na urefu wake. Alikijua urefu huo.

"Mheshimiwa," akasema, "hapo katikati pana kitu kimeondolewa."

"Kitu gani?"

"Mke wangu."

Jaji akavua miwani. "Sikio, eleza."

"Baada ya kila kauli kulikuwa na sauti ya kicheko. Kicheko hakina maneno na hakihesabiwi. Hufutwa ili kuokoa nafasi."

"Nafasi!" Venansi alisema, si kwa kelele. "Mmekosa nafasi ya kicheko, mkapata nafasi ya matusi miaka saba. Haya. Na majibu yake? Edita hakuwa mtu wa kukaa bila kujibu. Nayo mmeyafuta?"

"Majibu ya marehemu yamehifadhiwa. Hayakuombwa."

"Nayaomba mimi."

Wakili Nakijwa aliinuka nusu. "Mheshimiwa, marehemu hashtakiwi..." Hakumaliza, na hakuna aliyemkatiza. Akaketi taratibu. Jaji akatikisa kichwa kukubali.

Ndipo Edita akaingia ukumbini. Venansi hakuwa amejiandaa. Aliidaka mbao ya kizimba cha mashahidi kwa mikono miwili.

"Utaniua kwa mikono ipi, we Mngoni? Hiyo iliyochoka kubeba vikombe toka mababu zenu walipotoka Sauzi? Nitakuwahi mimi. Nakutilia sumu kwenye ulanzi, ufe umefurahi, hata kiatu kimoja nisikuvishe!"

Mtu nyuma alicheka, akajiziba mdomo. Otmari alikuwa ameinua kichwa. Machozi yalimtiririka, na mdomo wake ulikuwa unacheza, unajitafutia jibu.

"Sikio," Venansi akasema alipoweza. "Hesabu na vya kwake."

"Vitisho vya marehemu dhidi ya mshtakiwa: mia nne themanini na saba."

Sasa ukumbi mzima ulicheka, mpaka askari wakagonga virungu sakafuni. Venansi alisubiri wamalize.

"Mmesikia. Angekufa Otmari siku ile, kizimbani angesimama Edita, na mngemnyonga kwa uhakika mkubwa zaidi. Mheshimiwa, mimi siwezi kuapa kwamba huyu hakuua. Sikuwepo. Ila nia mnayoitafuta haimo humo. Huo ni utani. Niliulizwa kama alitishiwa, nikasema ndiyo, lakini. Mkaichukua ndiyo, mkaacha lakini mlangoni kwangu."

"Na koti?"

"Alilivaa mbele yangu, mchana, watu mia wanaona. Sikumzuia kwa sababu mtani hazuiwi. Ningelikomboa kwa jogoo, mkawahi ninyi."

"Kwa nini hukusema mapema?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na Venansi alilijibu akimtazama Otmari.

"Kwa sababu nilitaka awe yeye."

Otmari hakuondoa macho. Aliitikia kwa kichwa polepole, mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei na ameiona inafaa.

Jaji akaandika muda mrefu. Alipoinua uso aliuliza swali la mwisho, kwa Sikio. "Limebaki jambo moja. Mshtakiwa anasema alikuwa kwake ananoa msumeno. Ana Sikio nyumbani. Lilisikia nini saa hiyo?"

"Halikusikia. Kuanzia saa saba na dakika nane hadi saa saba na dakika kumi na tisa, Masikio yote ya kata yalikuwa yamelazwa kwa matengenezo."

Miezi kumi na minne Venansi alizisikia dakika hizo zikitajwa, kwamba Sikio la nyumbani lilimsikia Edita kabla yake na halikumsikia tena baada yake, akadhani ni za kifo tu. Hakujua ni za kata nzima. Aliyekuja kumpiga Edita alikuja zilipoanza, akang'oa betri, akaondoka kabla hazijaisha. Mtu wa kubahatisha habahatishi hivyo.

"Mheshimiwa, naomba kuliuliza mimi."

"Uliza."

"Hayo matengenezo, sisi wa kule tulitangaziwa?"

"Hapana," Sikio likajibu. "Wananchi hawatangaziwi. Taarifa ilipelekwa kwa wahusika."

"Wahusika akina nani?"

Taa nyekundu iliwaka, ikakaa.

"Orodha hiyo haiko katika mamlaka ya Baraza hili."

"Iko katika mamlaka ya nani?"

"Swali halijapokelewa."

Jaji Kabulwa alifunga jalada. Akasoma kama sheria inavyotaka. Nia ovu haikuthibitishwa. Mali imeelezwa ilivyopatikana. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu kwa kosa la kuua wala la unyang'anyi, aachiliwe. Faili la Edita Mhongole limefungwa kwa mujibu wa sheria ya Masikio. Na shahidi, kwa kubadili jibu alilolipatia Sikio, achukuliwe.

Askari alikuja na pingu. "Samahani, baba," akanong'ona, na hakuzibana sana.

Wakapishana mlangoni, mmoja anatoka huru na mwingine anapelekwa mahabusu. Otmari alisimama mbele yake. Hakuna aliyejua kama angepiga magoti ama angetema mate. Kisha sauti ile kubwa ikatoka kwenye kifua kile chembamba.

"Mgongolwa! Ukifia huko ndani nakuja kukuzika mwenyewe. Nakukunja mara mbili, Mhehe mrefu wewe, nakufukia na ndoo zako!"

Nyuma yao, ukutani, taa nyekundu ikawaka na kuzima. Limehesabu. Otmari aliiona, Venansi aliiona, ukumbi mzima uliiona.

Na Venansi akacheka. Kicheko kilimtoka tumboni kwa uchungu, kama kitu kilichokwama tangu makaburini, na alijua kinavyotoka ndivyo kinavyofutwa.

"Jogoo wangu humpati bure, Mngoni," akasema. "Lete koti la mke wangu kwanza."

Askari akamgusa bega waende. Alikataa kusogea mpaka amegeuka. Alilitazama lile dubwana ukutani, akamtazama jaji, akamtazama wakili Nakijwa, aliyekuwa bado ameketi peke yake mezani, kalamu imesimama juu ya karatasi tupu. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayemwandikisha mwingine neno moja moja:

"Siku ile ya Jumanne, tarehe tatu Machi, nani aliambiwa kwamba Sikio litalala?"